Bega la Dada

9 Februari 1982

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine ni ya mama, umpelekee kabla haijapoa. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, na hapo usimsomee. Bado nakaa chumba kile kile juu ya duka la vitabu, ngazi zinalia na bomba linatoa maji likipenda. Nieleze hali ya mama, kama ule mkono na mguu wa kushoto vimeanza kusikia au bado vimesusa tangu alipopooza. Nieleze pia kama paa la jikoni limezibwa, na kama cherehani yako bado inapata wateja.

Kazi inasonga. Sasa tumeingia kwenye zile barua ambazo Wakristo wa kwanza walikuwa wakiandikiana, mji hadi mji. Mezani tuko wanne: Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na bado anatutazama kana kwamba tumechelewa kengele, kisha Mchungaji, mpiga chapa, na mimi. Tunazihamishia kwenye lugha yetu ya nyumbani, na hapo ndipo tunapoumbuka. Mimi na wewe tulisomeshwa kwa Kiswahili na ndicho tunachoandikiana. Ile lugha ya mama tunaijua ya kuombea chumvi tu. Kwa hiyo neno likitushinda tunaandika nyumbani kwa mtu mzima anayelijua, na kwenye karatasi tunaacha nafasi tupu mpaka jibu lirudi.

Yanayotutoa jasho ni maneno ya mwili. Barua hizi zimejaa mwili. Kuna moja ndefu iliyopelekwa kwa waumini waliokuwa wakigombana, na mwandishi anawaeleza kwamba wote ni mwili mmoja, huyu mguu, yule mkono, yule jicho, na hakuna wa kumbeza mwenzake. Lugha yetu haina neno moja la kusema viungo vyote hivyo. Kuna nyingine fupi sana. Mzee yuko gerezani, anamrudisha kijana aliyemzoea kwa bwana wake wa zamani, na anasema huyo anayemrudisha ni matumbo yake mwenyewe, yaani vitu vyake vya ndani. Mwenyekiti anataka tuseme moyo. Mchungaji anataka ini. Wamenuniana tangu Jumatatu na chai wanakunywa kila mtu na dirisha lake.

Tafadhali muulize mama maswali mawili. Watu wa kwetu wangevitajaje viungo vyote kwa pamoja? Na mtu unayempenda akiondoka, panauma wapi mwilini? Nimewakumbuka sana. Jirani yangu wa chini naye ni fundi cherehani, na jioni akianza kushona nasimama mlangoni nasikiliza tu.

Mdogo wako,
Profesa


2 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Mama naye anasema marahaba, ila shikamoo yako imefika baridi. Paa limezibwa katikati, sasa linavuja pembeni. Mama anakula vizuri na ananung'unika vizuri, kwa hiyo ujue hajambo. Mkono umesusa bado, mguu hivyo hivyo. Mdomo, tumshukuru Mungu, haukuguswa.

Maswali yako nilimuuliza nikiwa namsuka. La kwanza alilicheka. Alitaka kujua kama huyo mwandishi wenu ametaja nyonga, nikamwambia sidhani. Akasema basi huyo hajawahi kubeba mtoto wala ndoo, maana jicho na mkono kila mtu anavisifia, na nyonga inayobeba hakuna anayeisalimia. La pili hakulicheka. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akauweka chini ya mbavu zake, upande wa kulia. Alisema moyo unapiga tu, uwe na furaha uwe na huzuni, lakini mtu wako akienda zake panauma hapo. Kwa hiyo mpe pole Mwenyekiti, Mchungaji kashinda.

Sasa yangu. Barua hii nimeianza mara mbili na zote zimeishia kwenye salamu, basi leo naingia moja kwa moja. Unamkumbuka fundi saa, yule aliyefiwa na mkewe, mwenye kibanda kando ya posta. Amehama. Amepata duka lenye chumba nyuma, mji wa mbali, ng'ambo ya milima. Kabla hajaondoka aliniuliza kama naweza kumfuata tukaoana. Nina miaka arobaini na minne na hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza jambo hilo kwa adabu vile. Nilimjibu kwamba nina mama. Akasema analijua hilo, na kwamba atasubiri. Mimi namtaka. Nakuandikia hivyo hivyo bila haya, namtaka, na nikipita mbele ya kibanda chake kilichofungwa nageuza uso.

Halafu kuna bega. Bega langu la kulia limechoka. Kumwinua mama asubuhi, kumgeuza mchana, kumpeleka msalani na kumrudisha, kazi zote hizo ni za bega hilo. Sasa nikiinua mkono unagoma njiani. Basi mgongo unaubebea, mgongo ukishindwa goti linaingilia, na jioni vyote vimenuniana na mimi sijui nilalie upande upi.

Nakuomba uje ushike zamu. Sisemi milele. Njoo katikati ya mwaka ukae na mama, na mimi niende nikaonje maisha yangu kabla hayajapoa. Nijibu hili kwanza, maneno yenu yafuate.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mvua ilikata barabara na posta ilikuwa imejaa magunia. Chumba kimevuja juu ya kitanda, nimehamia upande wa mlango. Mwenyekiti amepata meno mapya na herufi fulani zinamtoka na filimbi, kwa hiyo tunaposoma kwa sauti tunaangalia chini wote.

Hujui barua yako imetufanyia nini. Ini limepita bila ubishi; Mwenyekiti mwenyewe alijishika chini ya mbavu, akasema andikeni. Lakini zaidi ni yale maneno yako ya bega. Ule mkono unaogoma njiani, mgongo unaoubebea, goti linaloingilia, na jinsi jioni vinavyonuniana! Tulikuwa tumekwama wiki nzima pale mwandishi anaposema kiungo kimoja kikiumia vyote huumia nacho, na kila tulivyogeuza ilitoka kama tangazo la ofisini. Niliwasomea kipande chako. Mchungaji aliomba nirudie. Walipiga makofi, dada. Mpiga chapa amekichapa na kukibandika ukutani juu ya meza, na mstari wetu sasa tumeupanga kwa kukufuata wewe. Siku kitabu kikitoka mama atasomewa maneno ya binti yake.

Habari za fundi saa nimezisoma, nampa heri na duka lake jipya. Kuhusu kuja, tutaangalia kazi ikipungua.

Swali jingine kwa mama: pale mfupa unapokutana na mfupa, panaitwaje? Kuna barua inayosema mwili wote umeshikanishwa hapo, na sisi tumeacha nafasi tupu.

Mdogo wako anayejivunia dada,
Profesa


30 Mei

Dada,

Shikamoo, na ya mama. Sijapata jibu. Nimeuliza posta hadi karani akinisikia kwenye ngazi anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Je, ni mzigo uliopotea, au mmoja wenu anaumwa? Kama ni jambo la mama niandikie hata mstari mmoja. Kama nimekuudhi niambie pia, ingawa nimeisoma upya nakala niliyobaki nayo kichwani na sioni wapi.

Ile nafasi tupu bado iko, lakini haina haraka.

Profesa


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata. Mama anakula, cherehani inafanya kazi, paa ni lile lile. Salamu zimekwisha.

Umeisoma barua yangu kwa watu watatu nisiowajua na wakapiga makofi. Nimekaa na jambo hilo tangu Aprili, nikilitoa na kulirudisha. Mimi sikukuandikia mfano. Nilikuandikia bega, lile ulilokuwa unalalia kichwa ukiwa na homa. Nimekuambia kuna mwanamume ninayemtaka, umempa heri na duka. Nimekuambia njoo, umeniambia mtaangalia. Halafu ukaniuliza panaitwaje mfupa unapokutana na mfupa.

Wiki iliyopita nilimwangusha mama. Nilikuwa namtoa msalani, mkono ukagoma, mgongo haukuwahi, tukaenda chini wote wawili kwenye sakafu yenye maji. Yeye hakuumia, alinilalia mimi. Tulibaki pale chini hadi mama muuza mkaa alipopita kudai debe lake na kutusikia. Mama alikuwa anacheka, anasema tangu ujana hajalala na mtu juu ya sementi. Mimi nililia, Profesa. Nililia mbele yake na mbele ya jirani, na mama akaacha kucheka. Jioni yake akaniuliza huyo fundi saa anakaa mji gani. Sikuwa nimemwambia chochote. Anajua kila kitu, amelala tu pale anajua.

Fundi saa ameniandikia mara tatu tangu ahame. Ya mwisho haikuuliza kama nitakwenda. Imesimulia bei ya mafuta ya taa na mteja mwenye saa ya babu yake, na ikaishia hapo. Naogopa mwanamume akiacha kuuliza. Namwota akifunga duka.

Neno lako sikumuuliza mama. Neno liko kwa mama, mama yuko kitandani, na kitanda kiko pale unapopajua.

Dada yako


5 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako sikumsomea mtu. Nilipanda nayo ngazi, nikaketi upande wa mlango, nikaisoma mpaka mwisho, kisha nikateremka nikaing'oa ile karatasi ukutani. Mwenyekiti aliniuliza kulikoni. Nilimwambia dada yangu alikuwa anasema habari za bega. Alivua miwani tu akaifuta muda mrefu.

Nisamehe. Nakuandikia sasa kile ninachokizunguka. Nikiwaza kuja, kazi haina neno, kazi inaweza kunifuata kwenye bahasha. Naogopa kumwosha mama. Naogopa kumfunua, na naogopa anione namfunua. Alivyokuwa anatembea, wewe unakumbuka, tulikuwa tunasikia kishindo chake tangu uani na tunaacha kugombana. Nilipokuja mara ile alipopooza nilikaa kwenye kiti mbali na kitanda, nikamsomea gazeti. Nina miaka thelathini na minane na bado nataka awe anatembea.

Lakini nakuja. Nimeomba ruhusa na nimepewa. Watakuwa wananitumia maneno huko huko nyumbani, na mimi nitamuuliza mama na kuwajibu. Nitafika mwisho wa mwezi huu. Mwandikie fundi saa leo, usisubiri kuniona mlangoni. Mwandikie kwamba unakwenda.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine mbili juu yake.

Nimemwandikia. Niliharibu karatasi tatu, na kosa halikuwa la bega.

Kuhusu hofu yako, nilizungumza na mama. Nilidhani atakasirika. Alisema hata yeye alikuwa analiwaza, na hataki kuoshwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga vifungo. Basi tumepanga hivi: mama muuza mkaa atakuja kila asubuhi kumwosha na kumvalisha, ameshakubali na ananichekelea kila akiniona kama mwali. Wewe utainua, utageuza, utalisha, utasikiliza manung'uniko. Ukimwinua usimvute mkono ule uliokufa. Pitisha wako chini ya kwapa lake, mwache yeye ahesabu, na uinuke naye akimaliza. Mwenyewe atakufundisha. Anapenda kufundisha kuliko kuinuliwa.

Njoo na soksi nene, sakafu ni ya baridi. Nimeshona shuka mbili mpya kwa ajili yako, moja imepinda, utavumilia.

Dada yako


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo. Nimeolewa, ndiyo habari kubwa, uipokee vizuri na uketi chini. Tulikwenda kwa karani wa serikali siku ya kazi, mashahidi walikuwa muuza viatu wa jirani na mkewe, na mume wangu alisahau kuitoa ile lenzi ya jichoni anayotazamia saa mpaka karani akamwuliza kama haoni vizuri. Tulicheka njia nzima.

Chumba ni kidogo na ni kisafi. Kina dirisha moja linaloangalia ua wa fundi seremala, kitanda, meza, na rafu yenye saa ambazo wenyewe hawajazirudia. Mbele kuna duka, na pembeni ya duka amenisafishia mahali pa cherehani. Tayari nimeshona suruali mbili na pazia la muuza viatu. Bega linapona. Mume wangu ananikanda kwa mafuta yenye moto kidogo, anakanda kama anavyofungua saa, polepole, akitafuta skrubu. Nina furaha, Profesa. Nataka uijue hivyo kabla sijaandika mengine.

Mengine ni haya. Kila kukipambazuka mikono yangu inatangulia kuamka. Inanyooka yenyewe kumtafuta mama imgeuze, na nimeshamgeuza mume wangu mara kadhaa. Yeye anageuka tu bila kulalamika na kulala upande ule nilioutaka. Kisha mimi nabaki macho. Sikujua kwamba nitamkumbuka mama kwa mikono. Uzito wake naukumbuka, harufu ya nywele zake ninapozisuka, na jinsi anavyoniambia nina vidole vya baridi. Nilitaka sana kutoka, na nimetoka, na sasa nautaka ule mzigo hata kwa dakika moja.

Amenisusia? Umeandika barua mbili tangu nije huku na zote umesema anakula, anasema, anakucheka. Hukuandika hata mara moja kwamba ameniulizia. Niambie ukweli. Ameniuliza? Akisema njoo nitakuja, nimeshamwambia mume wangu, na amekubali kunisindikiza.

Dada yako


28 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo, na hongera nyingi zimfikie shemeji, na lenzi yake. Nilimsomea mama habari ya karani nikaona mabega yake yanatikisika, lile zima na lile jingine. Hajambo. Anasema uji wangu unafaa kubandikia karatasi. Kumwinua nimejua sasa. Yeye anahesabu na mimi nainuka, na akiona nimefanya vibaya anarudia kuhesabu tangu mwanzo. Mama muuza mkaa anafika asubuhi, wanafunga mlango, na huko ndani wanacheka mambo ambayo sitaki kuyajua. Mimi nakaa uani na karatasi za Mwenyekiti. Juzi ametuma tena maneno manane, na mama ameyajibu sita. Mawili amekataa, anasema ni ya wanaume.

Sasa nakujibu ulichouliza, na najibu ukweli kwa sababu umeutaka. Hajakuulizia. Tangu ulipoondoka hajakutaja hata mara moja, wala jina, wala "dada yako", wala "yule". Ndiyo maana sikuandika. Nilikuwa nalikwepa kwenye kila barua. Na mimi lilinikera, dada. Miaka yote ile ulivyomshika, halafu kimya namna hii. Nilikuwa nakutaja makusudi nione, nasema shuka hii alishona dada, nasema dada angeipikaje hii. Alikuwa anageuza uso ukutani, au anataka maji.

Barua yako ilipofika nilishindwa. Nilimmalizia uji, nikaweka bakuli chini, nikamwambia, mama, binti yako anauliza kama umemsusia. Nini nimwandikie?

Aliangalia mlango. Halafu akanivuta karibu, kana kwamba kuna mtu wa tatu chumbani, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nyamaza. Nikimtaja atasikia huko aliko, atarudi."

Ndiyo hivyo, dada. Usije, angalau si sasa. Kaa na mume wako. Na mimi tangu jana sikutaji mbele yake. Tunakaa hapa wawili, na tunazungumza habari za mvua.

Mdogo wako